Kasi ya boti ndogo ya alumini: inapotelea wapi?

Swali hili halikauki midomoni mwa wenye boti ndogo: "Mbona yake inakimbia kuliko yangu, na injini ni ileile?" Boti zote mbili ni za alumini, urefu mita 5 hivi, injini ya nguvu za farasi 40. Moja inafika kilomita 48 kwa saa, nyingine inahema kwenye 40. Majibu yanayotolewa ni mengi na yanagongana. Huyu anasema nunua injini kubwa. Yule anasema badili propela. Wa tatu anapendekeza chupa ya dawa ya kuchanganya kwenye petroli. Mwenye boti anatoa pesa kwanza, maswali anayauliza baadaye.

Msimamo wangu ni huu: katika boti nyingi za namna hii, kasi inayotafutwa dukani tayari imo ndani ya injini, ila inapotea njiani kabla ya kufika kwenye maji. Inapotelea kwenye uzito, kwenye kitako cha boti, kwenye kimo cha injini na kwenye propela. Mtu akijua inavujia wapi, anaweza kuirudisha kwa gharama ndogo, na wakati mwingine bila gharama yoyote.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Boti ninayoizungumzia ni ile ya kuvulia besi, samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Ni boti fupi yenye kitako bapa au chenye mkunjo mdogo wa herufi V. Ina jukwaa la kusimamia mvuvi, kisima cha kuwekea samaki wakiwa hai, betri kadhaa, na injini ndogo ya umeme kule mbele kwa ajili ya kuwasogelea samaki kimyakimya. Lakini maelezo haya yanafaa kwa boti yoyote ndogo ya alumini yenye injini ya kupachikwa nyuma. Omo ni mbele ya boti, tezi ni nyuma. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya boti, maji yanapojikusanya. Propela, au rafadha kwa Kiswahili cha vitabuni, ni ile yenye mapanga inayozunguka chini ya injini.

Kulima maji na kupanda maji

Boti ndogo ina maisha mawili. La kwanza ni la kulima maji. Ikienda taratibu, inasukuma maji pembeni na kujitengenezea wimbi moja omo na jingine tezi. Kadiri inavyoongeza mwendo, mawimbi hayo mawili yanaachana, mpaka boti inajikuta imekaa kwenye bonde katikati yake, tezi imezama na omo imeinuka. Kuanzia hapo, kila ukiongeza mafuta, boti inajaribu kuupanda mlima wa maji iliojitengenezea yenyewe. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1870 kwa kukokota vielelezo vidogo vya meli ndani ya bwawa refu alilolijenga Torquay, na hesabu zake zinatumika hadi leo. Kwa boti ya mita 5, mpaka huo unaanza kwenye kilomita 10 kwa saa hivi. Ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Maisha ya pili ni ya kupanda maji. Injini ikiwa na nguvu ya kutosha, maji yanayogonga kitako cha boti yanaisukuma juu, boti inauvuka ule mlima na kuanza kukimbia juu ya uso wa maji, kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto ziwani. Hapo sehemu kubwa ya kitako iko hewani, na ni kipande cha nyuma tu kinachogusa maji. Anayetaka kuihisi tofauti hii mwilini mwake ajaribu kukimbia maji yakiwa kifuani, kisha yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Nguvu ni zilezile, mwendo si ule.

Hili ndilo jambo la kulishika, kwa sababu karibu kila mbinu ya kuongeza kasi inafanya mojawapo ya kazi mbili: inapunguza sehemu ya boti na injini inayoburuzwa majini, au inahakikisha nguvu ya injini inageuka kuwa msukumo badala ya povu. Ukipewa ushauri ambao haufanyi lolote kati ya hayo, uliza maswali zaidi kabla ya kufungua pochi.

Pima kabla ya kugusa chochote

Watu wengi hawajui boti yao inakwenda kasi gani. Wanajua kasi wanayoihisi, au inayoonyeshwa na kipimo cha zamani kinachotegemea msukumo wa maji kwenye mrija mdogo nyuma ya boti. Mrija huo ukiziba kidogo au ukikaa upande, namba inakuwa ya uongo. Kipimo cha setilaiti kilichomo kwenye simu au kwenye kifaa cha kutafutia samaki ni cha kuaminika zaidi.

Chagua siku tulivu. Kimbiza boti kwa mafuta yote upande mmoja, kisha rudi njia ileile, ukachukue wastani wa namba hizo mbili ili upepo na mkondo visikudanganye. Andika pia mizunguko ya injini kwa dakika, watu mlionao, na mafuta yaliyomo kwenye tangi. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, kisha pima tena. Anayebadilisha propela, kuinua injini na kutoa betri siku moja atapata namba mpya, lakini hatajua ni kipi kati ya vitatu kilichomsaidia, na pengine kimojawapo kimemharibia.

Uzito, na maji yasiyoonekana

Mwenye boti akiambiwa apunguze uzito, hutoa kasha la nyavu na jozi ya viatu. Uzito wenyewe umejificha kwingine. Maji ni kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo kisima cha samaki cha lita 80 kikijaa ni sawa na kubeba mtu mzima zaidi. Ukiwa unakwenda mahali pa kuvulia huna samaki bado, kwa hiyo hakuna sababu ya kukijaza kabla hujafika. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lakini lita 40 zinakaribia kilo 30. Betri tatu kubwa za risasi zinaweza kufika kilo 90. Betri za lithiamu zenye uwezo uleule zina uzito usiofika nusu ya huo, na kwa boti ndogo nadhani huo ndio ununuzi wa maana kuliko yote, bei yake ikiwezekana. Ila betri ya kuwashia injini isibadilishwe kuwa ya lithiamu mpaka mwenye injini ameangalia kama mtengenezaji anaruhusu.

Kuna uzito mwingine ambao hata mizani ya macho haiuoni. Chini ya sakafu ya boti nyingi za alumini kumejazwa sponji ngumu ya kuifanya boti isizame ikijaa maji. Sponji hiyo ikiwa mpya hainywi maji. Ikipita miaka mingi ya kulala kwenye unyevu, inaanza kunywa. Niliwahi kusaidia kufungua sakafu ya boti ambayo mwenyewe alishakata tamaa na injini yake. Tulipong'oa skrubu za mwisho na kuinua ubao, sponji ya upande wa mbele ilikuwa ya njano na kavu, unaivunja kwa kidole. Ya nyuma, chini ya betri, ilikuwa nyeusi. Kipande cha ukubwa wa tofali nilikishika kwa mikono miwili, na nilipokibana maji yalitiririka mpaka kwenye viwiko. Kipande kilichofuata kilikuwa hivyo hivyo, na kilichofuata pia. Injini ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inabeba dimbwi.

Waswahili tuna msemo, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa boti hii usemi huo uchukuliwe neno kwa neno: ukitafuta kasi iliyopotea, anzia ngamani. Njia rahisi ya kujua kama boti imekunywa maji ni kuipeleka kwenye mizani ya magari ikiwa juu ya trela, kutoa uzito wa trela, injini na vifaa, kisha kulinganisha na uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Ikizidi kwa makumi ya kilo na huna maelezo, fungua sakafu. Ukitoa sponji iliyoloa, rudisha nyingine kavu ya aina inayofaa. Kuiacha nafasi tupu ni kuiondolea boti kinachoishikilia juu ya maji siku ya ajali.

Mahali uzito ulipokaa ni jambo la pili. Mizigo ikirundikana tezi, boti inachelewa kupanda maji, na ikishapanda inaanza kudunda kama pomboo, omo juu, omo chini, bila kukoma. Ikirundikana omo, kipande kikubwa cha kitako kinabaki majini, boti inakuwa nzito kwenye usukani na inachota maji ya mbele. Hapa hakuna kanuni ya kuandika ukutani. Sogeza betri moja au tangi la mafuta nusu mita, pima, sogeza tena. Ni jioni moja ya kazi, na haikugharimu kitu.

Kitako cha boti

Alumini ni laini. Boti ikilazwa kwenye trela ambayo mbao zake za kuibeba zinaishia kabla ya kufika tezi, uzito wa injini unaivuta sehemu ile ya mwisho chini mwaka baada ya mwaka. Ukilala chini ya boti ukaweka rula ndefu iliyonyooka kuanzia tezi kuelekea omo, utaona mwanga katikati: kitako kimepinda kwenda chini upande wa mwisho. Mpindo huo ukiwa wa milimita chache tu unaisukuma omo ishuke wakati boti inakimbia, na kasi inakufa. Ukipinda kinyume chake, kitako kikawa cha mviringo, omo inainuka kupita kiasi na boti inadunda. Fundi wa alumini anaweza kunyoosha, na trela lazima irekebishwe, la sivyo tatizo linarudi.

Angalia pia vitu vilivyopachikwa nyuma. Kisoma-kina cha kifaa cha kutafutia samaki kikifungwa mbele ya propela moja kwa moja, kinairushia mapovu. Boti inayolala majini huota mwani wa kijani, na mwani huo unakula mwendo kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usuguliwe. Lakini jihadhari na rangi ya kuzuia viumbe yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini ndiyo inayoliwa, na boti inaweza kutoboka. Ama nta ya kung'arisha kitako, inapendeza macho, lakini sijaona itoe kasi ya kupimika.

Kimo na mwinamo wa injini

Hapa ndipo ninapoona kasi nyingi ya bure ikiachwa. Mguu wa injini, yaani ile sehemu inayoingia majini, unaburuzwa kama mtu aliyetumbukiza kasia. Kadiri ulivyozama zaidi ya inavyohitajika, ndivyo unavyovuta boti nyuma. Boti nyingi ndogo zinatoka dukani injini ikiwa imefungwa kwenye tundu la chini kabisa, kwa sababu hapo hakuna mteja atakayelalamika kwamba propela inavuta hewa.

Juu ya propela kuna bamba bapa lililolala, ambalo kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isinyonywe na propela. Bamba hilo ndilo alama ya kutazama. Boti ikiwa imepanda maji na inakimbia, mtu mwingine akiwa kwenye usukani, geuka utazame nyuma kwa uangalifu. Ikiwa bamba limezikwa na maji yanaruka juu yake, injini iko chini mno. Linatakiwa kuwa usawa wa maji, yakipita juu yake kwa utando mwembamba au yakiligusa kwa chini. Matundu ya kufungia injini huachana karibu sentimita 2. Iinue tundu moja, pima. Ikiongeza kasi na haivuti hewa kwenye kona, jaribu la pili.

Utajuaje umezidisha? Injini itapiga kelele ghafla na mizunguko kupanda huku boti ikipoteza mwendo, hasa unapokata kona au kupita kwenye wimbi. Huko ndiko kuvuta hewa. Watu wengi hukuchanganya na jambo jingine, maji kuchemka juu ya panga. Propela ikizunguka kwa nguvu, upande mmoja wa panga msukumo wa maji unashuka kiasi kwamba maji yanageuka mvuke bila joto lolote, na vipovu hivyo vikipasuka vinachimba chuma vishimo vidogo kama alama za ndui. Chanzo chake mara nyingi ni panga lililopinda au lenye ncha iliyovunjika. La kwanza linatibiwa kwa kushusha injini, la pili kwa kutengeneza propela, kwa hiyo ukikosea jina utakosea dawa. Na kila unapoinua injini, tazama kijito cha maji kinachotoka ubavuni mwake. Kikikonda, matundu ya kuvutia maji ya kupoozea yamekaribia hewa, na injini isiyopoozwa haidumu dakika nyingi.

Mwinamo ni ile pembe ya injini unayoibadilisha kwa kitufe, au kwa pini kwenye injini ndogo. Wakati wa kuondoka, ivute karibu na boti ili omo ishuke na boti ipande maji upesi. Ikishapanda, isukume nje kidogo kidogo. Omo itainuka, sehemu ya boti inayogusa maji itapungua, usukani utakuwa mwepesi, na namba itapanda. Endelea mpaka boti ianze kudunda au propela ianze kuvuta hewa, kisha rudisha kidogo. Wapo wanaoendesha miaka mitano bila kukigusa kitufe hicho, ilhali kinaweza kuwapa kilomita kadhaa kwa saa leo hii.

Yale mabawa ya plastiki yanayofungwa kwenye bamba la injini yanastahili neno moja. Yanasaidia boti nzito nyuma kupanda maji haraka. Kwa kasi ya mwisho hayasaidii, na yakizama majini yanaipunguza, kwa sababu ni kitu kingine cha kuburuza.

Propela: parafujo ndani ya maji

Propela ina namba mbili, kwa mfano 11 na 13, zote kwa inchi. Ya kwanza ni upana wa duara inalochora. Ya pili naiita hatua: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu, vile parafujo inavyozama kwenye ubao kila unapoizungusha mara moja. Maji si ubao, kwa hiyo propela haifiki umbali huo wote. Kinachopotea tukiite utelezi, na kwa boti ndogo iliyopangwa vizuri ni kama asilimia 10 hadi 15.

Tufanye hesabu. Injini inazunguka mara 5,500 kwa dakika. Ndani ya mguu wake kuna gia zinazopunguza mizunguko, tuseme kwa nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 2,750. Hatua ya inchi 13 ni sentimita 33. Zidisha, utapata mita 908 kwa dakika, sawa na kilomita 54 na nusu kwa saa. Ukitoa utelezi wa asilimia 12, zinabaki 48. Ile boti yetu ya kwanza ndiyo hiyo. Mwenye boti ya pili akipiga hesabu hii akakuta utelezi wake ni asilimia 25, ameshajua pa kutafuta: injini iko juu mno, au propela imeharibika, au boti ni nzito kuliko inavyodhaniwa.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kufikiri kwamba hatua kubwa ni kasi kubwa. Fikiria baiskeli yenye gia. Gia nzito inakupeleka mbali kwa kila mzunguko wa pedali, lakini ukiiweka ukiwa unapanda mlima na mzigo nyuma, miguu haizunguki. Injini nayo ina mizunguko yake ya kazi ambayo mtengenezaji ameiandika kwenye kitabu, mara nyingi kati ya 5,000 na 6,000 kwa injini za ukubwa huu. Nguvu za farasi 40 ulizozilipia zinapatikana huko juu tu. Ukikanyaga mafuta yote na injini ikaishia 4,700, propela ina hatua ndefu mno. Injini inakabwa, inapata joto, na sehemu ya nguvu zake huitumii kamwe. Kupunguza hatua inchi moja kunapandisha mizunguko kama 150 hadi 200. Punguza inchi mbili, na boti itapanda maji upesi zaidi, na kasi ya mwisho mara nyingi itabaki palepale au kuongezeka.

Ikiwa kinyume chake injini inapita kiwango na kugonga kizuizi cha mizunguko, hapo hatua ndefu zaidi itakupa kasi ya kweli. Kwa hiyo ushauri wa "weka inchi 15" hauna maana kutoka kwa mtu ambaye hajakuuliza injini yako inaishia mizunguko mingapi. Pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida, watu wawili na vifaa vyote, maana propela iliyochaguliwa ukiwa peke yako itaielemea injini siku ya safari.

Wanaoendesha kwenye maziwa ya nyanda za juu wana jambo lao la ziada. Hewa nyepesi inaiibia injini nguvu, kama asilimia 3 kwa kila mita 300 za kimo. Kwenye mita 1,500 umeshapoteza asilimia 15 hivi, na propela iliyokufaa usawa wa bahari itakuwa nzito. Hapo kushusha hatua ni lazima.

Propela ya chuma cha pua ni nyembamba na haipindi ikibanwa na maji, tofauti na ya alumini. Kwenye injini kubwa faida yake inaonekana wazi. Kwa injini ndogo tofauti mara nyingi si kubwa, na ikigonga mwamba inaweza kupeleka kishindo kwenye gia, wakati ya alumini ingevunjika yenyewe na kuokoa mguu wa injini. Ningeanza na ile uliyonayo. Ivue, ipitishe kidole gumba kwenye ukingo wa kila panga. Ukingo mzima unateleza laini kama ubapa wa kisu butu. Ukihisi kijino, au kona iliyokunjwa kidogo kama ukurasa wa daftari, hapo kuna kasi iliyopotea, na fundi wa propela anaweza kuirudisha.

Je, injini kubwa ndiyo jibu?

Inaongeza kasi, ila si kwa kiasi watu wanachotarajia. Mbunifu wa boti wa Marekani, George Crouch, aliacha kanuni ambayo bado inatumika: kasi ya boti inayopanda maji inafuata kipeuo cha pili cha nguvu ikigawanywa kwa uzito, yaani namba ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta jibu hilo. Kwa lugha nyepesi, ukitoka nguvu 40 kwenda 60 umeongeza nusu, lakini kasi inaongezeka kwa asilimia 22. Boti ya kilomita 48 inakaribia 59, na hapo bado hujahesabu uzito wa ziada wa injini yenyewe. Ukizidisha nguvu mara mbili, kasi inaongezeka kwa asilimia 41 tu.

Kanuni hiyohiyo inatuweka wakweli kuhusu uzito. Kutoka kilo 600 mpaka 540, kasi inapanda kwa asilimia 5, yaani kilomita mbili na nusu. Si nyingi. Lakini ukiijumlisha na ya kimo cha injini, na ya mwinamo, na ya propela iliyonyooshwa, boti ya kilomita 40 inafika alipo mwenzake bila kubadili injini.

Petroli yenye okteni kubwa haiongezi nguvu kwenye injini iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida. Okteni ni uwezo wa mafuta kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati, na injini isiyohitaji uvumilivu huo haina cha kuufanyia. Chupa za dawa zinaweza kusafisha mfumo mchafu na kurudisha nguvu iliyopotea kwa uchafu. Plagi mpya na kichujio kipya cha mafuta hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi.

Na kabla ya kununua injini kubwa, soma kibati. Nchini Marekani, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, boti za injini zenye urefu chini ya futi 20, yaani mita 6 hivi, hutengenezwa zikiwa na kibati kinachotaja watu, uzito, na kwa zile za injini ya nje, nguvu kubwa kabisa inayoruhusiwa. Namba hiyo si ya mapambo. Ukitoka kilomita 48 kwenda 59, nishati ya boti inapogonga kisiki inaongezeka kwa nusu nzima, na breki huna. Sheria ya shirikisho nchini humo, tangu Aprili 1, 2021, inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 iliyofungwa swichi ya kuzima injini awe ameunganishwa na kamba yake boti inapopanda maji. Mtu akirushwa nje, kamba inachomoka na injini inazima, badala ya boti kuzunguka na kumrudia yeye mwenyewe na propela yake. Mimi ningeivaa hata pale sheria isiponilazimisha.

Tezi yenyewe nayo ikaguliwe, maana ndiyo inayobeba injini na ndiyo inayosukumwa. Ubao uliomo ndani yake huoza bila kuonekana. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito uliofifia ni ubao uliooza. Kisha chukua tochi, upitie kila bolti, kila ribiti na kila mshono wa kuchomelea kwenye kona za chini. Ukiona ufa, hata wa urefu wa ukucha, boti ipelekwe kwa mchomeleaji wa alumini kabla ya kuteremshwa tena majini.